Uchambuzi wa kisa: mama mnene mwenye sukari na presha aliyepata kansa ya titi, na mzani uliodanganya kila mtu

Kisa hiki naandikia manesi, maklinikal ofisa, watu wa lishe wenzangu na pia ndugu wanaouguza mtu wa kansa ambaye tayari alikua na sukari au presha. Mgonjwa mwenyewe karidhia kitumike. Mji, hospitali, umri kamili na mambo ya familia yanayoweza kumtambulisha nimeyatoa au nimeyabadilisha. Mimi niliingia katikati, kama mtu wa lishe, kwa hiyo ya mwanzo nayatoa kwenye faili na kwa maelezo yake na bintiye.

Mgonjwa na hali aliyokuja nayo

Tumwite Mama N. Yuko kwenye hamsini na kitu, hedhi ilishakata, anauza vitafunwa vya asubuhi, vitumbua na maandazi, ile kazi ya kuamka saa tisa usiku. Sukari anayo mwaka wa tisa, presha ilikuja karibu hapohapo. Dawa zake ni metformini na glibenklamidi za sukari, amlodipini na kidonge cha kukojoza kwa ajili ya presha. Siku anafunguliwa faili la kansa alikua na kilo 96 kwa urefu wa sentimita 158, ukipiga hesabu BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, inakuja 38 na ushee, na kuanzia 30 kwenda juu ndo unene uliopitiliza. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ilisoma asilimia 10.8. Yaani sukari ilishamshinda kabla hata neno kansa halijatajwa.

Na huyu hakua mtu wa kukwepa hospitali. Kila mwezi yupo kliniki ya sukari, anapanda mzani, anafungwa mkanda wa presha, anachomwa kidole, anapewa dawa anaondoka. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza habari za matiti wala kumfundisha kujishika. Uvimbe kaugundua mwenyewe akioga, akadhani ni mafuta maana ziwa lenyewe kubwa, akakaa nao kama miezi saba. Kwa mwanamke mnene uvimbe unajificha vizuri sana, na mkono usioutafuta hauwezi kuukuta.

Alipofika ulikua sentimita 6 na tezi za kwapani zimevimba, hatua ya tatu. Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa: kansa inayoitikia homoni ya estrojeni, HER2 hasi (yaani haina wingi wa ile protini ya HER2 inayochochea baadhi ya kansa za titi). Vipimo vilivyofanyika havikuonyesha kwamba imefika kwenye mapafu wala ini. Mpango ukawa kemo kwanza, yaani dawa za kuua seli za kansa, kuusinyaza uvimbe, halafu upasuaji, mionzi, kisha vidonge vya homoni kwa miaka. Kemo ilipangwa awamu mbili, kwanza doksorubisini (ile nyekundu ambayo wagonjwa wote wanaijua kwa rangi) pamoja na siklofosfamidi kila baada ya wiki 3 mara 4, halafu paklitakseli kila wiki mara 12.

Kilichotokea, kwa mfuatano

Kemo ya kwanza ilianza na dozi iliyokatwa, na kwenye faili hakuna sababu iliyoandikwa. Dozi ya dawa hizi inapigwa kwa eneo la mwili, unachukua urefu na uzito unapata mita za mraba. Kwa sentimita 158 na kilo 96 inatoka 2.05. Doksorubisini ni miligramu 60 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo alitakiwa apate kama 123. Alipata 108, manake mtu aliandika 1.8 badala ya 2.05. Ni mazoea ya zamani, mgonjwa akiwa mnene dozi inawekewa kikomo kwa hofu kwamba itamlemea, na kwa huyu wakaongeza hofu ya moyo sababu ya presha.

Pamoja na kemo akapewa deksamethasoni ya kuzuia kutapika, sindano siku ile na vidonge vya siku tatu za kwenda navyo nyumbani. Deksa inapandisha sukari hata kwa mtu asiye na kisukari. Hakuna aliyempangia chochote kuhusu sukari. Alipouliza aliambiwa, kwa maneno yake mwenyewe, "mama tumalizane na kansa kwanza, hayo mengine utaenda kwenye kliniki yako". Kliniki yake ilikua wiki tatu mbele. Halafu kwenye benchi mgonjwa mwenzie akamwambia usichanganye dawa za sukari na kemo, figo zitakufa, akaziacha zote.

Siku ya tatu akawa anakunywa maji hayamtoshi, anakojoa usiku kucha. Binti akampeleka zahanati, mashine ikasoma 24 (milimoli kwa lita). Wakamtundikia dripu, wakamwambia arudie dawa zake. Akarudia, ila wakati huo alikua hali, mdomo una ladha ya chuma, kila kitu kinamrudi. Kameza glibenklamidi tumbo tupu, alfajiri wakamkuta katota jasho anaongea vitu havieleweki. Sukari 2.6. Ndani ya wiki moja mtu huyohuyo katoka 24 kaja 2.6, halafu kwenye faili la kansa wiki hiyo imeandikwa mstari mmoja tu, kwamba mgonjwa alijisikia vibaya.

Siku ya kumi na kitu homa ikapanda, chembe nyeupe za damu chini, na mguu una kidonda kilichoanza na kiatu. Akalazwa, antibayotiki za mshipa. Kemo ya pili iliyotakiwa baada ya siku 21 ikapigwa siku ya 38, nayo kwa dozi ileile iliyokatwa.

Huku nyuma uzito unashuka. Kuanzia siku faili lilipofunguliwa hadi anasubiri kemo ya tatu ilipita miezi kama minne, kilo 96 zikawa 84. Na hapa ndo palipofurahisha watu. Kwenye mzani anaambiwa hongera mama, umepungua, endelea hivohivo. Kliniki ya sukari nako hongera. Mwenyewe naye alikua anajitahidi kweli, maana alishasikia kwamba sukari inalisha kansa, kaacha ugali, wali, viazi, kaacha na maharage kwa sababu aliambiwa yanaleta gesi, anaishi kwa juisi ya rozela ya kuongeza damu na uji mwepesi. Mtaani wakawa wanamwangalia kwa jicho lingine, si unajua mtu akikonda ghafla kwetu watu wanafikiria nini, akaacha hata kutoka nje.

Nilipokutana naye sikuanza na mzani. Nilimuuliza kazi gani za nyumbani zimemshinda. Akasema kibao cha mbuzi. Kukuna nazi mikono inaweza bado, shida ni kuinuka, hawezi kunyanyuka kwenye kile kibao mpaka ashike ukuta au aitwe mtu. Mtu mwenye kilo 84. Nikamkalisha kwenye kiti cha kawaida, mikono kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30. Alifikisha mara 5, ya sita akashika kiti. Kumbe zile kilo 12 hazikua mafuta tu, na msuli uliondoka.

Kikao, na kilichoamuliwa

Kikao chenyewe kilisababishwa na mfamasia. Alikua anaandaa kemo ya tatu akauliza hii 1.8 imetoka wapi, nani kapima. Swali dogo, lakini ndo lililowaleta pamoja daktari wa kansa, daktari wa sukari na presha, nesi wa kemo, mfamasia na mimi, kwa mara ya kwanza juu ya mgonjwa huyu.

Ubishi mkubwa ulikua dozi. Upande mmoja: presha, sukari, juzi tu kalazwa na homa, tusimuongezee sumu. Upande wa pili: chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, ASCO, kilishatoa mwongozo 2012 na kuurudia 2021 kwamba mgonjwa mnene apewe dozi kamili kwa uzito wake halisi pale tiba inapolenga kuponya, kwa sababu hawaonekani kudhurika zaidi ya wengine, na ukiwakatia unawapunguzia nafasi. Halafu ukiangalia vizuri, ile homa alilazwa akiwa kwenye dozi iliyokatwa, kwa hiyo kukata hakukumkinga na kitu, kilichomwangusha ni sukari kutoangaliwa. Wakakubaliana apimwe eko ya moyo kwanza, ile picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha moyo unavyosukuma damu. Familia ikachanga, siku tano zikapotea hapo, moyo ukaonekana unasukuma vizuri. Kemo ya tatu na ya nne akapata dozi kamili, kwa uzito wa siku hiyo.

Deksa: ibaki siku ya kemo tu, vidonge vya nyumbani vifutwe, kichefuchefu kishikwe na dawa nyingine. Siku ya kemo na inayofuata achome asubuhi insulini ya NPH, ile yenye rangi ya maziwa, kwa sababu sukari ya deksa inapanda zaidi mchana na jioni. Glibenklamidi ikafutwa kabisa, ni dawa hatari kwa mtu ambaye leo anakula kesho hali. Metformini aendelee, ila siku za kutapika au kuharisha sana asimamishe mpaka anywe maji vizuri. Kidonge cha kukojoza vilevile. Insulini ikahifadhiwa kwenye chungu chenye mchanga mbichi, friji hana, na binti ndo akapewa kazi ya kupima na kuandika.

Upande wangu nilisema kitu ambacho hakikupendwa sana mwanzoni: katika kipindi cha kemo huyu mama asipungue hata kilo moja. Lengo liwe kubaki 84 au kupanda kidogo. Mama mwenyewe alishtuka, si nilikua naambiwa mimi mnene? Nikamwambia kupungua kupo, zamu yake itakuja, sasa hivi tunalinda msuli. Yai kila siku, dagaa wa kusaga kwenye mboga na kwenye uji, maziwa mgando, maharage yarudi, ugali urudi kwa kipimo cha ngumi yake. Juisi zikatoka, akitaka tunda ale lenyewe. Na kusimama na kukaa kwenye kiti, mara kumi asubuhi mara kumi jioni, kutembea mpaka dukani na kurudi, siku za kemo apumzike.

La mwisho lilikua daftari. Daftari la shule la kawaida, moja, kila anapoenda analo, kliniki zote mbili zinaandika humohumo.

Matokeo

Kemo ya tatu na ya nne zilipigwa kwa wakati. Sukari ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye daftari awamu hiyo ilikua 15, si nzuri lakini si 24. Paklitakseli ikaanza, na hapo miguu ikawa tatizo. Dawa hiyo inachosha mishipa ya fahamu, na sukari ya miaka tisa ilikua imeshaichosha kabla. Wiki ya nane alikua haoni tofauti kati ya sakafu na mkeka. Dozi ikashushwa, na baada ya ya kumi ikasimamishwa. Mbili za mwisho hakupata.

Upasuaji ulisubiri wiki tatu ili sukari itulie, HbA1c ikashuka hadi 7.9. Titi likatolewa na tezi za kwapani, uvimbe ukakutwa umebaki sentimita 1.5. Kidonda kilikusanya maji, kikachukua muda kufunga, ila hakikuoza. Mionzi akamaliza. Akaanzishiwa anastrozoli badala ya tamoksifeni, kwa sababu tamoksifeni inaongeza damu kuganda na kansa ya mfuko wa uzazi, na unene peke yake tayari unasukuma huko huko.

Sasa hivi ni miaka miwili na zaidi tangu upasuaji, hakuna dalili ya ugonjwa kurudi. Ganzi ya nyayo ipo. Vitumbua kaacha, mkaa na ndoo za unga havimuwezi tena, anauza vitu vya reja reja. Kusema amepona bado mapema, kansa za homoni zinaweza kurudi hata baada ya miaka mingi.

Uchambuzi

Tuanze na unene wenyewe maana watu hapa wanachanganya mambo mawili. Shirika la utafiti wa kansa la WHO, IARC, mwaka 2016 lilisema kuna ushahidi wa kutosha kwamba unene unachangia aina 13 za kansa, ikiwemo ya titi baada ya hedhi kukata, utumbo mpana, mfuko wa uzazi, figo, ini. Hiyo ni kupata. Kuishi baada ya kupata ni suala lingine. Kwa kansa ya titi, uchambuzi uliounganisha tafiti 82 zenye wanawake zaidi ya laki mbili, uliotoka 2014, ulikuta waliokua na unene uliopitiliza kabla ya kugundulika walikua na hatari ya kufa kubwa kwa asilimia 41 kuliko wenye uzito wa kawaida. Na uchambuzi mwingine wa 2008, wa kansa mbalimbali, ulikuta watu waliokua na kisukari tayari nao wana hatari ya kufa ya juu kwa asilimia 41 hiyohiyo, ukilinganisha na wasio nacho. Mama N alikua na vyote viwili.

Kwa nini inakua hivo? Sehemu ni mwili wenyewe. Baada ya hedhi kukata, mafuta ndo yanageuka kiwanda cha estrojeni, na kansa yake ilikua inakula estrojeni. Insulini inakua juu miaka kwa miaka, nayo inachochea seli kukua. Lakini kwenye kisa hiki mi naona sehemu kubwa iliyomuweka hatarini haikua ya kibayolojia kabisa. Kuchelewa kuonekana kwa uvimbe, dozi kukatwa kwa sababu ni mnene, kemo kuchelewa siku 17 kwa sababu ya maambukizi yaliyotokana na sukari, paklitakseli kutokamilika kwa sababu ya miguu, upasuaji kusubiri. Ukijumlisha, mtu mwenye sukari na unene anapata tiba pungufu, imechelewa, imekatwakatwa. Halafu baadae tunasema wanene wanakufa zaidi, kumbe wengine hatukuwatibu sawasawa.

Halafu kuna ile habari inayowachanganya hata madaktari, kwamba kwenye baadhi ya kansa tafiti zinaonyesha mgonjwa mwenye uzito mkubwa anaishi zaidi kuliko mwembamba. Tafiti hizo zipo, usimwite mtu muongo. Ila baadhi ya wale wembamba ni watu ambao kansa ilishawala kabla ya kupimwa, na BMI haijui tofauti ya mafuta na msuli. Mtu anaweza kuwa na BMI ya 34 na ndani msuli umekwisha, huyo ndo yuko pabaya kuliko wote, na kwa macho huwezi kumtambua, anaonekana kashiba. Kigezo kinachotumika ni kwamba ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia basi kansa inakukondesha. Mama N alipoteza asilimia 12 na nusu ndani ya minne na akapewa hongera kwenye kliniki mbili tofauti. Angekua mwembamba, kilo ya tatu tu wangemwita mtu wa lishe.

Kuhusu sukari inalisha kansa: kila seli inatumia sukari, na ukiacha kula mwili utaitengeneza kutoka kwenye msuli wako. Pia mtu asimeze metformini kama dawa ya kansa. Jaribio kubwa lenye wanawake zaidi ya 3,600 wenye kansa ya titi wasio na kisukari, majibu yalitoka 2022, halikuonyesha kwamba metformini inazuia ugonjwa kurudi. Kwa mwenye kisukari ni dawa ya kisukari, basi. Mazoezi ndo yana habari nzuri zaidi, japo ni kwa kansa ya utumbo mpana: jaribio lililochapishwa 2025, wagonjwa 889, waliosimamiwa mazoezi kwa miaka 3 baada ya kemo, asilimia 80 walikua hawajarudiwa na ugonjwa miaka 5 baadae, waliopewa vijitabu vya ushauri tu ni 74. Kusimama na kukaa kwenye kiti si jaribio lile, ila ndo kinachowezekana kwa mtu asiye na jim.

Kilichosaidia zaidi hapa, kama ningelazimika kuchagua kimoja, ni swali la mfamasia, halafu daftari. Insulini na eko vilifuata baada ya watu kukaa meza moja. Kilichofeli na bado kinafeli ni stripu za kupimia sukari, zinaisha, zinanunuliwa mfukoni, kuna wiki kwenye daftari ziko tupu kabisa. Na kliniki mbili bado ziko siku mbili tofauti, nauli mara mbili.

Paklitakseli kusimamishwa kwenye ya kumi bado tunabishana. Daktari wa kansa anaona ilikua sahihi, mtu wa sukari anayepoteza hisia za nyayo kesho anakatwa mguu. Mfamasia anaona tungeshusha dozi mapema, wiki ya tano ganzi ilipoanza kwenye vidole, tungemaliza zote 12. Mi nakubaliana na mfamasia. Daftarini ganzi imeandikwa wiki ya tano, kwa mwandiko wa binti, na hakuna aliyeisoma mpaka ya nane.

Uzito wake leo ni kilo 88, na ubishi wa sasa ni huo. Daktari wa sukari anataka afike 80. Anayo hoja, maana kansa ikikaa kimya kinachomtishia zaidi ni moyo na figo, na sasa zamu ya kupungua imefika kweli. Tumekubaliana ashuke pole pole, nusu kilo hadi kilo moja kwa mwezi, na kila anapopanda mzani apimwe na kiti pia. Mara ya mwisho alifikisha 11 ndani ya sekunde 30. Kilo zikishuka na kiti kikabaki hapo au kikapanda tunaendelea, kiti kikishuka tunasimamisha mpango mzima tunarudi kwenye chakula.